Kabla hujasema "ni kweli" kizimbani

Karani anasoma mashtaka mbiombio. Hakimu anainua macho: "Umesikia? Ni kweli au si kweli?" Aliye kizimbani amelala seli, hajaoga, simu yake iko kaunta ya polisi, na nyumbani hawajui aliko. Anajibu, "Ni kweli." Dakika chache baadaye anateremshwa akiwa mfungwa. Hakuna shahidi aliyeapishwa wala kielelezo kilichokaguliwa, na hakuna mtu aliyeulizwa swali hata moja.

Wengi wetu tunapofikiria haki ya mshtakiwa tunafikiria wakili akimbana shahidi kwa maswali, au jaji akisoma hukumu ndefu. Lakini kwa mtu wa kawaida asiye na wakili, katika mahakama za mahakimu Kenya na Tanzania, hatua ya kuchungwa kuliko zote ni hii ya kusomewa mashtaka. Ndiyo inayopita upesi kuliko zote, na ndiyo ngumu kuliko zote kuirudisha nyuma. Sheria inayoilinda ni nzuri na ni ya siku nyingi, ila haimsaidii asiyejua kwamba ipo.

Nitataja namba za vifungu vya Kenya. Kwa Tanzania nitaeleza kanuni, kwa kuwa mzizi ni mmoja.

Mzizi wenyewe ni uamuzi wa mwaka 1973 wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyosikiliza rufaa kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kabla jumuiya ya zamani haijavunjika. Ni kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, na hadi leo mahakimu wa nchi hizi wanapimwa kwayo. Utaratibu wake ni huu. Shtaka na maelezo yake yasomwe kwa lugha ya mshtakiwa mwenyewe, na ikishindikana, kwa lugha anayoisema na kuielewa. Kisha hakimu amfafanulie kila kiungo cha kosa, yaani kila jambo linalounda kosa hilo. Mshtakiwa akikubali viungo vyote, alichosema kiandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo, na hapo ndipo iandikwe kwamba amekiri. Baada ya hapo mwendesha mashtaka asome maelezo ya tukio, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga, kuyaeleza au kuyaongezea. Akipinga jambo la msingi, au akiongeza jambo ambalo likiwa kweli linatia shaka hatia yake, hakimu abadilishe jibu liwe la kukana, na kesi isikilizwe. Asipopinga, ndipo anatiwa hatiani, na mahakama inasikia mambo yanayohusu adhabu.

Angalia kwamba mtu anakiri mara mbili: kwanza shtaka, halafu maelezo ya tukio. Ya pili ndiyo kinga kubwa, na ndiyo inayorukwa zaidi. Mtu akishasema "ni kweli" mara ya kwanza, chumba kizima kinalegea kana kwamba kazi imekwisha, na maelezo yanasomwa kama dua ya kufungia kikao. Mshtakiwa anaulizwa "Umesikia?", anatikisa kichwa, na hapo anahesabiwa amekubali.

Viungo vya kosa

Kila kosa lina viungo, na mtu hana hatia mpaka viwepo vyote. Wizi ni mfano mwepesi. Lazima kuwe na kitu kinachoweza kuibwa, kiwe cha mtu mwingine, kichukuliwe bila haki wala dai la haki, na mchukuaji awe na nia ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Kijana aliyefanya kazi miezi miwili bila kulipwa, akaondoka na mashine ya kukatia nyasi ya tajiri wake akiamini kwa moyo wote kwamba ni malipo yake, akiulizwa "Uliichukua mashine?" atasema "Ni kweli niliichukua." Hajakiri wizi. Amekiri kuchukua, na "kuchukua" na "kuiba" si neno moja. Dai la haki, hata likiwa la makosa, likiwa la nia njema linavunja kiungo kimoja cha kosa.

Kupatikana na mali ya wizi ni vivyo hivyo: haitoshi kwamba simu ilikuwa mfukoni mwako, lazima ulijua au ulikuwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa. "Ni kweli nilikuwa nayo, niliinunua kwa jirani" ni jibu la kukana. Kushambulia na kujeruhi pia: "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyeanza na alikuwa ameshika chupa" ni utetezi wa kujikinga. Kila mara neno "lakini" linapofuata "ni kweli", hakimu anatakiwa asimame, asikilize linalofuata, na mara nyingi aandike kwamba mshtakiwa amekana.

Sharti la kuvunja shtaka kiungo kimoja kimoja ni la zamani kuliko hata kesi ya Adan. Mwaka 1942, katika kesi ya Yonasani Egalu na wenzake, mahakama ya rufani ya eneo hili ilishasema kwamba, pale ambapo mtu anaweza kutiwa hatiani kwa kukiri, inafaa sana kila sehemu ya shtaka ielezwe kwake na atakiwe kuikubali au kuikana. Kinachopungua kortini ni dakika, si sheria. Hakimu mwenye mafaili arobaini mezani asubuhi moja anashawishika kuuliza swali moja badala ya matano.

Kwa hiyo wewe uliye kizimbani una ruhusa ya kumpunguzia kasi. Sentensi inayofanya kazi ni fupi: "Mheshimiwa, naomba nielezwe kosa hili lina mambo gani, nijibu moja moja." Hakuna hakimu mwenye haki ya kukukasirikia kwa hilo. Ibara ya 50(2)(b) ya Katiba ya Kenya inasema mshtakiwa ajulishwe shtaka kwa undani unaotosha kulijibu, na Ibara ya 50(3) inataka taarifa hiyo itolewe kwa lugha anayoielewa.

Kiswahili nacho kina mitego yake

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu wasemaji wa Kiswahili tunaingizwa matatani na adabu yetu wenyewe.

Tukishikwa, jambo la kwanza tunalosema ni "naomba msamaha". Tunalisema kwa askari, kwa mlalamikaji, kwa hakimu. Ni heshima, ni namna ya kupoza hasira ya mkubwa. Si ungamo. Mtu anaweza kuomba radhi kwa usumbufu, kwa kelele, kwa kumtia mzee wake aibu, bila kuwa amekubali hata kiungo kimoja cha kosa. Likiandikwa kwenye faili kwa Kiingereza kama kukiri, maana imeshapotea njiani. "Nimekosa, mnisamehe" ni jibu lenye utata, na jibu lenye utata haliwezi kumtia mtu hatiani. Ni wajibu wa hakimu kuuliza zaidi: umekosa nini hasa?

Mtego wa pili ni "ndiyo". Katika Kiswahili, swali la kukanusha hujibiwa kwa kukubaliana na kauli yenyewe. "Hukuwa na leseni siku hiyo?" Anayejibu "Ndiyo" anasema: ni kama ulivyosema, sikuwa nayo. Ikiandikwa kwa Kiingereza neno kwa neno, inageuka kuwa alikuwa nayo. Na "hapana" inaweza kupinduka vivyo hivyo. Dawa ni kujibu kwa sentensi kamili kila mara: "Nilikuwa nayo." "Sikuwa nayo." "Sikujua kwamba imeibwa." Usimwachie mtafsiri neno moja la kubahatisha.

Halafu kuna "nimesikia" na "nimeelewa". Watu huyatumia kumaanisha "sauti imenifikia, endelea." Hayamaanishi "nakubali". Ukiulizwa umeelewa, na hukuelewa, sema hukuelewa.

Kwa Kenya, lugha ya mahakama za mahakimu ni Kiingereza au Kiswahili, kwa mujibu wa kifungu cha 198(4) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Lakini Ibara ya 50(2)(m) ya Katiba inakupa mkalimani bila malipo usipoielewa lugha inayotumika. Mara nyingi karani ndiye anayetafsiri. Kama lugha unayoimudu ni Kiturkana, Kisomali au Kipokomo, na Kiswahili chako ni cha sokoni, sema mapema. Kiswahili cha kununulia sukari hakitoshi kujibu shtaka linaloweza kukufunga miaka 15. Kiziwi ana haki hiyo hiyo kwa lugha ya ishara.

Tanzania ilifanya mageuzi makubwa mwaka 2021, pale sheria ilipobadilishwa Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua ya kupongezwa kwa dhati: mshtakiwa akisomewa faili lake anasikia alichosema. Hata hivyo, bado wapo watu ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, na Kiswahili cha hati ya mashtaka si kile cha kijiweni.

Jambo la kukagua baadaye kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu iliyoandikwa ya yaliyosemwa kortini: je, lugha iliyotumika imetajwa? Faili lisiloonyesha lugha wala jina la mtafsiri lina kasoro inayoweza kuangusha hukumu. Mengine yana mhuri wa "Kiingereza/Kiswahili" wenye mkwaju katikati, ambao haumwambii msomaji ni ipi kati ya mbili iliyotumika. Kwa macho yangu mhuri huo ni uzembe, kwa sababu unamwacha jaji wa rufaa akikisia jambo ambalo lingeandikwa kwa sekunde mbili.

Maelezo ya tukio: sikiliza kama unasomewa mkataba

Ukisikia "mwendesha mashtaka atasoma maelezo", kaza masikio. Maelezo yanatakiwa yabebe kosa zima: tarehe, mahali, nani alifanya nini, kielelezo gani kilipatikana, kwa nani, na kimethibitishwa vipi. Kama ni dawa za kulevya, ripoti ya mkemia wa serikali iko wapi? Kama ni kujeruhi, fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari, inasema nini? Kama ni kosa linalotegemea umri wa mlalamikaji, umri umethibitishwa kwa cheti gani? Maelezo ya sentensi moja, au yale ya "maelezo ni kama yalivyo kwenye hati ya mashtaka", ni kasoro ya kweli. Mtu hawezi kutiwa hatiani kwa maelezo ambayo hata yakikubaliwa yote hayafikii kosa.

Pinga kila kisicho sahihi, hata ukidhani ni kidogo. Ukisema "yote ni kweli ila kisu hakikuwa changu", na kosa lenyewe linategemea kisu, umekana, na hakimu lazima aandike hivyo. Idadi na thamani pia ni za kupinga: magunia mawili si kumi, na tofauti hiyo huonekana kwenye adhabu.

Hata ukishatiwa hatiani, ukipewa nafasi ya kuomba upunguziwe adhabu, maneno yako bado yana uzito. Mtu aliyekiri wizi kisha akasema "Mheshimiwa, mimi nilitumwa tu kubeba, sikujua", ameirudisha kesi kwenye swali la hatia. Mahakama haijamaliza kazi yake mpaka itoe adhabu, na kabla ya hapo jibu linaweza kubadilishwa kwa ruhusa ya hakimu. Hilo nalo lilithibitishwa mwaka 1973, katika kesi ya Kamundi dhidi ya Jamhuri. Basi ukigundua umejibu vibaya, usisubiri kufika gerezani. Nyoosha mkono papo hapo: "Mheshimiwa, naomba kubadilisha jibu langu. Sikuelewa." Eleza na sababu. Kabla ya adhabu ni ombi la sentensi moja. Baada ya adhabu ni rufaa.

Kwa nini mtu anakiri asichofanya

Sababu ya kwanza ni seli. Mtu anahesabu: nikikana nitarudishwa rumande wiki mbili, nikikiri nitapigwa faini niende zangu. Hesabu hii huwapoteza wengi kwa sababu wanaifanya bila kujua upande wa dhamana. Ibara ya 49(1)(h) ya Katiba ya Kenya inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana kwa masharti ya kadiri, ila kuwe na sababu nzito ya kumnyima. Tena Ibara ya 49(2) inasema mtu asiwekwe rumande kabisa kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Soma tena hapo. Makosa mengi ya sheria ndogo za kaunti, yale yanayowafikisha kortini wachuuzi na mama mboga, yanaangukia humo. Baada ya kukana, sema: "Naomba dhamana, nina makazi, nina mtu wa kunidhamini," na utaje kiasi unachokimudu. Masharti yakiwa mazito, omba yapunguzwe. Ukikataliwa, Mahakama Kuu inaweza kuyapunguza.

Tanzania hali ni ngumu zaidi, kwa sababu yapo makosa ambayo sheria imeyafungia dhamana, kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu kinachofunga dhamana kuwa kinyume cha Katiba, lakini mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Mtu anayekaa mahabusu kwa shtaka lisilo na dhamana ana shinikizo la kukiri ambalo hakuna hakimu anayeliona kwenye karatasi. Naliona hilo kuwa doa kubwa katika haki ya jinai ya nchi hiyo.

Sababu ya pili ni ahadi. "Kubali tu, tumeshaongea, ni faini ndogo." Askari hana mamlaka ya kuahidi adhabu, na ahadi yake haimfungi hakimu. Makubaliano halali ya kukiri yapo, ila yana umbo lake. Kenya yaliingia katika sheria mwaka 2008, vifungu vya 137A hadi 137O vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Yanafanywa na mwendesha mashtaka, yanaandikwa, mshtakiwa anasomewa na kuyasaini, na kabla ya kuyapokea mahakama inamweleza haki anazoziacha na adhabu ya juu inayoweza kutolewa. Hayatumiki kwa makosa yaliyo chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono. Tanzania iliweka utaratibu wa aina hiyo mwaka 2019. Kama hakuna karatasi yenye saini, hakuna makubaliano. Na kama mmepatana na mlalamikaji nje ya korti, mwambie hakimu habari hiyo kabla hujajibu shtaka. Ukishakiri, nafasi ya upatanisho imebanwa.

Sababu ya tatu inagusa imani, na nimeona isemwe wazi. Wapo watu wa dini wanaoona kusema "si kweli" ni kumdanganya hakimu kama kuna sehemu ya tukio waliyoifanya. Lakini swali la kortini haliulizi kama ulikuwepo au kama unajuta. Linauliza kama unakubali kosa lote, viungo vyote, kama lilivyoandikwa. Ukijibu "si kweli" unasema: shtaka hili, jinsi lilivyo, silikubali, nanyi mlithibitishe. Hujala kiapo wakati huo, na Katiba imekupa dhana ya kuwa huna hatia pamoja na haki ya kunyamaza. Ukinyamaza kabisa, kifungu cha 207(4) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Kenya kinamtaka hakimu aandike kwamba umekana. Na ukitaka kuonana na wakili kwanza, omba: "Naomba muda kabla ya kujibu." Ibara ya 50(2)(g) inataka uambiwe mapema kwamba una haki ya wakili, na 50(2)(h) inataka serikali ikulipie pale ambapo bila wakili haki ingepotoshwa kwa kiasi kikubwa.

Kukiri kuna faida yake kwa mtu aliyetenda na anayejua anachokubali. Kukiri mapema huhesabiwa katika kupunguza adhabu, na kunamwepushia aliyeumizwa mateso ya kusimulia upya. Simshauri mtu akane tu kwa ujanja. Ninachosisitiza ni kwamba akubali kile alichokifanya, chote kikiwa kimeelezwa, na bei yake akiijua.

Bei yenyewe

Hapo kwenye bei ndipo watu wanaposhtuka. Kukiri hakupunguzi adhabu iliyowekewa kiwango cha chini na sheria. Unyang'anyi wa kutumia silaha Tanzania ni miaka 30 kwenda juu. Wizi wa mabavu Kenya, kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, umeandikiwa kifo. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya katika kesi ya Muruatetu, mwaka 2017, uliondoa ulazima wa hukumu ya kifo, lakini mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba ulihusu mauaji tu.

Shtaka la kunajisi, yaani kufanya ngono na aliye chini ya miaka 18, linanitia wasiwasi kuliko mengine. Kijana wa miaka 19 aliyekuwa na mpenzi wa miaka 16 anasema kwa unyofu, "Ni kweli, tunapendana." Kwa Kenya, chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono, kiwango cha chini ni kifungo cha miaka 15 iwapo mlalamikaji ana miaka 16 hadi 18, miaka 20 akiwa na 12 hadi 15, na maisha akiwa na 11 au chini ya hapo. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilikataa hoja ya kuvilegeza viwango hivyo. Sheria hiyo iliwekwa kuwalinda watoto, na inastahili heshima. Lakini hiyo hiyo, katika kifungu cha 8(5), inatambua utetezi wa aliyedanganywa kuhusu umri na akaamini kwa sababu za kuaminika. Kijana huyo aliyejibu kwa kifupi hatakuja kuulizwa aliambiwa umri gani, na kwa nini aliamini. Kwa makosa mazito kama haya, Mahakama ya Rufani ya Kenya imesisitiza kwamba hakimu amwonye mshtakiwa asiye na wakili juu ya adhabu inayomngoja kabla ya kulipokea jibu lake, na onyo hilo lionekane kwenye faili.

Faini nayo ina meno. Ukishindwa kulipa, na kama sheria ya kosa haikusema vinginevyo, kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaruhusu hadi miezi mitatu kwa faini inayozidi Sh2,500 mpaka Sh15,000, miezi sita mpaka Sh50,000, na miezi 12 juu ya hapo. Faini inaweza kuombewa kulipwa kwa awamu. Omba pia utumishi wa jamii, ulio katika sheria tangu 1998, na ripoti ya ofisa wa probesheni. Siku ulizokaa rumande zihesabiwe: kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mwisho kuna rekodi: alama za vidole zinabaki, na cheti cha tabia njema utakachodaiwa na mwajiri miaka mitano baadaye kitaikumbuka hiyo "ni kweli".

Ikiwa imeshasemwa

Sheria inafunga mlango, ila inaacha dirisha. Kifungu cha 348 cha Sheria hiyo ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Kenya kinasema aliyekiri katika mahakama ya chini hana rufaa isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Tanzania ni hivyo hivyo. Lakini hilo linahusu kukiri kuliko kamili. Katika kesi ya Laurence Mpinga ya mwaka 1983, Mahakama Kuu ya Tanzania ilipanga sababu nne za kupinga hatia yenyewe: jibu halikuwa kamili au lilikuwa na utata, mtu alikiri kwa kukosea au kutoelewa, shtaka halikuonyesha kosa linalojulikana kisheria, au maelezo aliyoyakubali hayakuweza kisheria kumtia hatiani. Wanaoandika rufaa Kenya nao hutumia hoja za namna hiyo, wakiitegemea kesi ya Adan.

Muda ni mfupi. Kenya ni siku 14 tangu adhabu itolewe. Tanzania ni kusudio la rufaa ndani ya siku 10 na hati ya rufaa ndani ya 45, ukitoa siku za kusubiri nakala. Aliye gerezani anapitisha karatasi zake kwa mkuu wa gereza, na ahakikishe tarehe ya kupokelewa imeandikwa. Muda ukipita, omba uongezewe. Kucheleweshewa nakala ya mwenendo ni sababu inayokubalika. Njia nyingine Kenya ni mapitio: vifungu vya 362 hadi 364 vya sheria hiyo hiyo vinamruhusu jaji wa Mahakama Kuu aliitishe faili na kulikagua, na hata barua ya kawaida inayotaja namba ya kesi, mahakama, tarehe na kasoro iliyotendeka inaweza kumfikishia habari hizo.

Usitegemee kwamba ukishinda utatoka siku hiyo hiyo. Kukiri kukibatilishwa, mahakama inaweza kuagiza kesi isikilizwe upya, na huangalia umeshatumikia muda gani, kama mashahidi bado wanapatikana, na kama kurudia kesi kutawapa waendesha mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yao. Aliyemaliza sehemu kubwa ya kifungo ana hoja nzuri ya kuachiwa. Wa mwezi mmoja ajiandae kusomewa mashtaka tena, safari hii polepole.

Nakala ikifika mikononi, iweke mezani na uitafute mistari mitano: lugha na mtafsiri, viungo vya kosa vilivyofafanuliwa, maneno yako yenyewe baada ya shtaka, maelezo ya tukio (na kama yanalifikia kosa), na maneno yako ya pili, baada ya maelezo. Mstari wa tano ukikosekana, anza nao katika sababu zako za rufaa.